Mkeka wa Jumbe Kiboko na Matita Kumi na Sita

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Wa kule nyuma je? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogezeni kuni ndani, mwambieni mtoto asikalie jivu, tuanze.

Hapo kale, kale ile ambayo mnyama akikupita njiani bila kukuamkia ulikuwa na haki ya kumsema kwa mama yake, palikuwa na kijiji kiitwacho Ukilini. Kijiji kilikuwa juu ya mto. Chini ya kijiji palikuwa na bonde, na bonde zima lilikuwa mikindu. Wanawake wa Ukilini walikata ukindu, wakasuka, wakashona mikeka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao, na ya mama zao, na ya bibi zao.

Ninyi mnalala juu ya mkeka kila siku, lakini sijui kama mnajua unavyozaliwa. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa. Kisha husukwa kuwa ukili, na ukili ni kama utepe, mrefu tu, hauna upana wa kujivunia. Ukili hulazwa chini, kipande kando ya kipande, ndipo hushonwa kwa sindano. Kipimo cha wanawake wa Ukilini kilikuwa pima. Nyosha mikono yako miwili. Kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kidole kile, hiyo ni pima moja.

Mkeka wa Ukilini ulikuwa na vipande vinane, kila kipande pima moja. Urefu wake pima moja, upana wake nusu pima. Ukili wote uliotumika, pima nane. Na tita moja la ukindu lilitoa pima moja ya ukili. Kwa hiyo mkeka mmoja, matita manane. Hata mbuzi wa Ukilini waliijua hesabu hiyo.

Ishikeni hiyo nane, msiiangushe.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke jina lake Mashavu binti Faki. Alikuwa akisuka huku anaongea, huku anapika, huku anamkaripia mbuzi wake, na ukili hautoki mstarini. Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kushona, alikuwa analaza kwanza. Analaza ukili wote uani, anauzunguka, anautazama, ndipo anachukua sindano. Wenzake walimcheka. Walikuwa wakimwambia, "Mashavu, wewe huushoni mkeka, unauposa."

Mtawala wa bonde na mto alikuwa Jumbe Kiboko. Siku moja alimwita Mashavu barazani kwake, ukingoni mwa mto, mbele ya watu wote.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, binti Faki. Karibu. Usikae hapo, hapo ni matope yangu. Kaa pale." Jumbe akapumua, maji yakaruka puani. "Binti yangu anaolewa mwezi ujao ukiandama. Bibi harusi na bwana harusi lazima wakae juu ya mkeka. Sasa tazama mambo haya."

Jumbe akajilaza juu ya mkeka wa kawaida. Kichwa kilikuwa nje. Miguu ilikuwa nje. Tumbo lilikuwa nje pande zote mbili. Mkeka wenyewe haukuonekana.

"Upo huo mkeka?" Jumbe akauliza.

"Upo, Jumbe," watu wakasema. "Uko chini yako."

"Basi nataka mkeka kama huu huu, umbo hili hili, ila mara mbili. Urefu mara mbili, upana mara mbili. Ufanane na huu kama mama anavyofanana na mwanawe."

Karibu na Jumbe alisimama Nguchiro. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa bonde, na mashimo yake yalikuwa huko huko bondeni, kwenye vivuli vya mikindu. Kila tita la ukindu lililotoka bondeni lilikuwa kama limetoka mwilini mwake.

"Jumbe," akasema Nguchiro, "nimekwambia mara ngapi? Wanawake hawa wanapoteza ukindu. Wanachukua mwingi, unaoonekana ni kidogo. Sasa tuwapime. Mkeka wa kawaida ni matita manane. Huu ni mara mbili. Mpe matita kumi na sita, asipewe hata jani moja zaidi. Mara mbili ni mara mbili!"

Jumbe akatikisa masikio. "Naam. Binti Faki, matita kumi na sita yatatosha?"

Mashavu akafikiri. Nane mara mbili, kumi na sita. Watu walikuwa wanamtazama. Akajibu, "Yatatosha, Jumbe."

Alisema kabla ya kulaza. Mkumbuke hilo, maana yeye mwenyewe alikuja kulikumbuka sana.

"Vizuri," akasema Jumbe. "Ukiuleta mkeka huo kwa matita hayo, nitajua kuwa ukindu wangu haupotei, na Bonde la Ukindu litakuwa wazi kwa wasukaji wote, daima. Usipouleta, nitajua Nguchiro anasema kweli. Bonde nitalifunga."

Wanawake wa Ukilini wakatazamana. Bonde likifungwa, hakuna ukindu. Ukindu usipokuwapo, hakuna Ukilini. Kutabaki vibanda na wanawake wenye vidole visivyo na kazi.

Nguchiro akahesabu matita mbele ya watu, moja hadi kumi na sita. Mashavu akayahesabu tena nyumbani, moja hadi kumi na sita. Akaanika. Akachana. Akasuka siku ishirini. Ukili ukawa rundo uani, mbuzi akilizunguka kwa heshima kwa sababu aliona fimbo.

Siku ya ishirini na moja Mashavu akafagia uwanja, akaanza kulaza.

Mara ya kwanza alianza na urefu. Akalaza ukili pima mbili, akageuza, akarudi pima mbili, akageuza. Ukili ukaisha. Urefu ulikuwa sawa, pima mbili. Lakini upana ulikuwa nusu pima tu, ule ule wa mkeka wa kawaida.

Jirani yake, Bi Mwaka, alikuwa anapita na ndoo kichwani. Akasimama.

"Mwenzangu, huu ni mkeka au njia ya kwenda kisimani?"

"Pita zako, Bi Mwaka."

Mara ya pili alianza na upana. Akalaza kipande pima moja, na kipande pima moja, na kipande pima moja, mpaka vikafika kumi na sita. Upana ukawa sawa, pima moja kamili. Lakini urefu ukawa pima moja, ule ule wa mkeka wa kawaida.

Bi Mwaka alikuwa anarudi kutoka kisimani. Akasimama tena.

"Na huu anaulalia nani? Kaa? Maana huyo ndiye anayekwenda upande."

"Maji yanakumwagikia, Bi Mwaka."

Mara ya tatu Mashavu alijaribu kupatanisha. Akapunguza upana kidogo, akaongeza urefu kidogo. Umbo likatokea, na lilikuwa umbo lenyewe hasa. Lakini mkeka ulipungua huku na ulipungua kule.

Bi Mwaka safari hii aliitua ndoo kabisa.

"Huu sasa ni mkeka," akasema.

"Kweli?"

"Kweli. Ila ni wa mtu mwingine. Jumbe akiulalia huu, tumbo liko nje."

Wote wawili wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu nyuma ya ua wa makuti kulikuwa na macho mawili mekundu. Nguchiro alikuwa amechungulia yote. Akaondoka mbio, mkia nyuma, moja kwa moja hadi barazani.

"Jumbe! Nusu ya ukindu wako imeibwa! Nimewapa wa mara mbili, mkeka haufiki hata huko! Mara mbili ni mara mbili, na nusu haipo!"

Jumbe akamtuma Nguchiro arudi na ujumbe, na Nguchiro akautoa mlangoni kwa Mashavu bila hata kubisha hodi.

"Jumbe anasema hivi. Harusi ni keshokutwa. Siku hiyo ulete mkeka, au umlete mwizi. Usipoleta kimoja, mwizi ni wewe, na bonde limefungwa."

Mashavu akakaa juu ya kinu. Mara mbili ni mara mbili, hata yeye aliamini hivyo. Kama ukili haukutosha, basi kuna aliyeupunguza. Akainuka kumtafuta.

Alianza na mbuzi.

"Ukili haukutosha. Sema kweli, ni wewe?"

"Mimi?" akasema Mbuzi, mdomo umejaa maganda. "Mimi nimekula ngao ya babu yako, nikakiri. Nimekula kofia ya fundi, nikakiri. Ukili huu sikuugusa. Umeupima?"

"Sijaupima."

"Unanishtaki mimi na hujapima?"

Mashavu akanyosha mikono, akavuta ukili kifuani. Hesabuni nami. Pima moja. Pima mbili. Pima tatu. Akavuta, akavuta, mpaka mwisho wa ukili ukamwangukia miguuni. Ngapi?

Kumi na sita.

Kumi na sita kamili. Mbuzi akatafuna pole pole, akimtazama. "Nasubiri," akasema.

"Samahani, Mbuzi."

"Na maganda ya ndizi?"

"Na maganda ya ndizi."

Akaenda kwa panya, aliyekaa darini.

"Ukili haukutosha. Sema kweli, ni wewe? Labda uliyatafuna matita kabla sijasuka."

"Mama mkubwa," akasema Panya kutoka juu, "muhogo wako nimekula, sikatai. Kamba ya kitanda chako nimeionja, utaona ukilala. Lakini matita uliyahesabu mwenyewe, hapo chini, nikikusikia. Ulifika kumi na sita. Tena ulipofika kumi na moja ulipiga chafya."

Mashavu akakumbuka chafya ile.

"Na kitanda?" akauliza.

"Lalia upande wa ukutani," akasema Panya.

Akaenda kwa mnana. Mnamjua mnana, yule ndege wa manjano anayesuka kiota kikaning'inia. Alikuwa juu ya mkindu, kichwa chini miguu juu, akisuka.

"Ukili haukutosha. Sema kweli, ni wewe? Labda unachomoa nyuzi, au labda mkono wangu umeharibika, sijui tena."

Mnana akashuka, akautazama ukili, akauvuta kwa mdomo. "Umebana," akasema. "Mimi ningeuonea wivu kama ningekuwa na nafasi. Mkono wako haujaharibika, Bi Mashavu. Ulitaka kufanya nini?"

"Mkeka wa umbo lile lile, mara mbili. Urefu mara mbili, upana mara mbili."

Mnana akaanza kucheka, mabawa yakamtetemeka.

"Unacheka nini na mimi natafutwa kama mwizi?"

"Nimemkumbuka mke wangu. Kiota changu cha kwanza aliingia, akatoka, akasema, 'Kidogo. Jenga kile kile, ila mara mbili. Kwenda juu mara mbili, kwenda pembeni mara mbili.' Nikajiambia, cha kwanza nilibeba majani mia, hiki nitabeba mia mbili. Nikabeba mia mbili. Kiota kikawa wazi nusu nzima, upepo unaingia, unatoka. Mke wangu akauliza, 'Hiki ni kiota au dirisha?' Nikabeba mia tatu. Bado. Kilikuja kufungika nilipofika mia nne."

"Mia nne? Kwa nini mia nne?"

"Bi Mashavu, mimi ni ndege. Nilikuwa nimechoka. Sikuuliza."

Mashavu akarudi nyumbani, na njia nzima neno lile lilikuwa naye. Mia nne. Mia nne. Mia nne. Akaingia uani, akachukua kijiti. Akachora chini mkeka alioutaka Jumbe, urefu pima mbili, upana pima moja. Kisha akaingia ndani akautoa mkeka wake wa kulalia, akautandika kwenye pembe moja ya mchoro.

Mkeka ukakaa pembeni kama mtoto aliyelala kitanda cha wazazi.

"Bi Mwaka! Niazime mkeka wako!"

"Wa kulalia? Mchana huu?"

"Lete, mwenzangu."

Bi Mwaka akaleta. Mashavu akautandika mbele ya ule wa kwanza, ncha kwa ncha. Urefu ukajaa. Miwili ile ilikuwa pima kumi na sita za ukili, matita kumi na sita, bila kuzidi wala kupungua. Na pembeni yake, upande wote wa pili wa mchoro ulikuwa mchanga mtupu.

Bi Mwaka akasogea. Akauangalia mchanga. Akasema taratibu, "Mashavu. Hapa panaingia mingine miwili."

"Panaingia."

"Kwa hiyo ni minne."

"Ni minne. Urefu umeongezeka mara mbili, peke yake huo unakula mikeka miwili. Halafu upana nao umeongezeka mara mbili, na kila mmoja katika ile miwili umepata mwenziwe ubavuni. Mbili, mara mbili tena. Matita thelathini na mawili, Bi Mwaka. Tulipewa kumi na sita."

"Kwa hiyo mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi. Kilichopo ni mimi, niliyesema yatatosha."

Akakaa pale mchangani, akacheka peke yake. Mzigo ulikuwa umemtoka kifuani. Ulibaki mmoja tu, wa kwenda kulisema jambo lile mbele ya watu.

Siku ya harusi ikafika. Viboko wa ng'ambo walivuka mto na ngoma zao, wamejipaka tope jipya. Mama wa bwana harusi, Bi Kiboko wa Ng'ambo, alikuja na vigelegele vilivyokimbiza samaki. Watu wa Ukilini wakaja, na Mbuzi akaja bila kualikwa. Jumbe alikaa katikati.

Mashavu akaingia. Kichwani alibeba rundo la ukili. Nyuma yake alikuja Bi Mwaka na wanawake wengine wawili, na kila mmoja wa wanne hao alikuwa na mkeka wake wa kulalia kwapani.

"Mkeka uko wapi?" akauliza Nguchiro. "Au mwizi?"

"Shikamoo, Jumbe," akasema Mashavu. "Naomba Nguchiro achore hapa chini mkeka ulioutaka. Achore yeye, asije akasema nimepunja."

Nguchiro akajitokeza kifua mbele. Akanyosha mikono yake apime pima. Mmewahi kuiona mikono ya nguchiro? Watu wakaangua kicheko. Bi Kiboko wa Ng'ambo akamwambia Jumbe, "Mkwe, kwa pima hiyo watakaa kunguni wawili!" Nguchiro akapewa kamba ya Mashavu yenye urefu wa pima moja, akachora. Urefu pima mbili. Upana pima moja.

"Na huo ni mara mbili ya mkeka wa kawaida?" akauliza Mashavu.

"Ndiyo huo."

"Kwa hiyo mikeka ya kawaida mingapi itaujaza?"

"Miwili! Mara mbili ni mara mbili!"

Mashavu akatandika mkeka wake. Bi Mwaka akatandika wake. Nusu ya mchoro ikabaki mchanga.

"Mmeiweka vibaya," akasema Nguchiro. Akaivuta, akaiweka ubavu kwa ubavu. Upana ukajaa, urefu ukabaki nusu. Akaivuta tena, akaiweka mmoja pembe hii na mwingine pembe ile. Mchanga ukatokea pembe mbili zilizobaki. Alikuwa anahema.

"Ongeza mmoja," akasema Mashavu.

Mwanamke wa tatu akatandika. Ikabaki pembe moja.

"Ongeza mmoja."

Wa nne akatandika. Pakajaa pote, mstari kwa mstari.

Jumbe Kiboko akanyanyuka, akauzunguka mchoro mara moja. Akahesabu kwa kunyoosha pua. "Mmoja, miwili, mitatu, minne. Minne kwa manane." Akasimama. "Nguchiro, ile nusu iliyoibwa nimeiona. Imelala pale, miguuni pako. Haikuwahi kutoka bondeni."

Nguchiro akauondoa mguu wake haraka juu ya mkeka.

"Jumbe," akasema Mashavu, "kosa ni langu vile vile. Uliniuliza mbele ya watu kama yatatosha, nikasema yatatosha. Nilisema kabla ya kulaza. Matita yako kumi na sita haya hapa, pima kumi na sita za ukili, hakuna hata jani lililopotea. Waulize. Mbuzi alishuhudia nikipima."

"Nilishuhudia," akasema Mbuzi. "Na nilisingiziwa."

"Hata mimi nilidhani kumi na sita," akasema Jumbe. "Na mimi ndiye Jumbe. Lakini wanangu wanakaa wapi leo? Jua linapanda, wageni wamesimama."

Mashavu akatoa sindano kutoka kwenye kilemba chake. Bi Mwaka akatoa yake. Wale wawili wakatoa zao. Hawakuwa wameambizana. Wakapiga magoti, kila mmoja kwenye ukingo wa mkeka wake, wakaanza kuiunga ile minne, ubavu kwa ubavu, ncha kwa ncha. Wanawake wote wa Ukilini wakawaimbia, na viboko wa ng'ambo wakaitikia kwa sauti za chini ya maji. Chungu cha pilau hakijaiva, mkeka ulikuwa mmoja. Urefu pima mbili, upana pima moja, umbo lile lile kama mama na mwanawe.

Bibi harusi akakaa. Bwana harusi akakaa. Mkeka ukaonekana pande zote.

Hapo vigelegele vilivyopigwa, sina mdomo wa kuvirudia.

"Sasa sikilizeni," akasema Jumbe. "Wanawake wanne wametoa mikeka yao ya kulalia. Lazima irudi. Ule ukili wa binti Faki unatoa mingapi?"

"Miwili, Jumbe."

"Na miwili iliyobaki?"

"Matita kumi na sita mengine."

"Yatatoka bondeni leo hii, na Nguchiro atayabeba. Bonde liko wazi. Nilitaka kujua kama ukindu wangu unapotea, nami nimejua. Uliokuwa unapotea ni ukindu ambao hatukuutoa."

Bi Kiboko wa Ng'ambo akaita kutoka kwenye sahani yake. "Na mimi nataka wangu! Mimi mpana kuliko mkwe. Mara tatu! Urefu mara tatu, upana mara tatu!"

"Sita!" akasema Nguchiro haraka. "Mikeka sita!"

Semeni ninyi. Urefu mara tatu, mikeka mitatu kwa mstari. Upana mara tatu, mistari mitatu. Mingapi?

Tisa!

Mbuzi alisema hivyo hivyo, na kinywani alikuwa na ua la bibi harusi.

Siku saba baadaye, Nguchiro alikuja mlangoni kwa Mashavu. Safari hii alibisha hodi. Alikuwa amebeba matita manne, mgongo umempinda.

"Bi Mashavu, shikamoo. Mimi nami nataka mkeka. Mimi mdogo, nataka nusu. Nusu ya urefu, nusu ya upana. Mkeka mzima matita manane, nusu yake manne. Haya hapa."

Mashavu akayatazama matita. Akamtazama Nguchiro. Akachukua mawili, mawili akamrudishia.

"Haya umeyasahau," akasema Nguchiro.

"Sikuyasahau. Njoo baada ya siku nne."

Nguchiro akaondoka ananung'unika kwamba anadhulumiwa. Baada ya siku nne akaja, akapewa mkeka wake. Vipande vinne vya ukili, kila kipande nusu pima. Akajilaza. Pua ilifika mwanzo, mkia ulifika mwisho. Akainuka, akahesabu vipande. Pima mbili za ukili, si nne. Akakunja uso, tayari kulalamika.

Halafu akauona mkeka wa kawaida wa Mashavu uliotandikwa uani, ule mpya wa kulalia. Akauchukua wake, akauweka kwenye pembe. Akausogeza pembe ya pili. Akausogeza ya tatu. Akausogeza ya nne. Akasimama kwa miguu ya nyuma, kichwa juu, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaukunja mkeka wake, akauweka kwapani, akasema, "Ahsante, Bi Mashavu," akaenda zake.

Tangu siku ile, nguchiro akifika mahali peupe husimama kwa miguu ya nyuma, hunyanyua kichwa, hutazama kushoto na kulia. Watu husema anaogopa nyoka. Waacheni waseme. Sisi tunajua anahesabu mikeka.

Hadithi yangu nimeilaza, nimeishona, nimeikunja. Imefika ukingo wake hapo. Aliyeketi juu ya mkeka wangu naye ainuke, nikalale.